Kipima-Hewa Katika Motokaa

Bila shaka mmepata kuona motokaa yenye injini nzima ikipanda kilima kwa taabu kama mzee mwenye pumu. Napenda kuwaeleza sababu moja ya ugonjwa huo, kwa kuwa nusura ituue mimi na mjomba wangu katika barabara ya Masaka kwenda Kampala. Tulikuwa tukilipita lori. Mjomba akakanyaga mafuta hata mwisho, motokaa isiongeze mwendo, na mbele yetu basi laja! Tuliokoka kwa kurudi nyuma ya lori.

Fundi alibadili plagi, kisha pampu ya petroli. Fedha zikaenda, ugonjwa ukabaki. Ndipo nilipoomba nitazame mimi.

Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue vema. Kwa hiyo motokaa nyingi za siku hizi zina kipima-hewa, katika bomba litokalo kwenye chujio la hewa. Ndani yake mna waya mwembamba sana unaotiwa moto kwa umeme. Hewa ipitayo huupoza. Ikiwa nyingi, umeme mwingi zaidi hutakiwa ili waya usipoteze joto lake. Kompyuta ya injini hutazama umeme huo, ikajua uzito wa hewa, ikatoa petroli ya kutosha. Lakini waya ukishikwa na vumbi haupozwi sawasawa. Kompyuta hudhani hewa ni chache, hutoa petroli kidogo, na nguvu hupungua papo hapo zinapotakiwa.

Kwanza tuliazima mashine ya kusoma makosa. Ikaonyesha P0101, yaani kipima-hewa kinasema yasiyoaminika, na P0171, yaani petroli ni chache kuliko hewa. Namba hizo ni mashtaka tu, si hukumu. Mpira wa hewa ukipasuka mbele ya kipima-hewa, upande wa injini, huingiza hewa isiyopimwa, nao huleta P0171 vilevile. Basi tukauchunguza mpira: mzima. Tukachunguza nyaya: imara. Kisha tukaiacha injini iliyokwisha pata moto iungurume, gari limesimama. Kwa kawaida kipima-hewa husoma gramu 1 hivi kwa sekunde kwa kila lita ya ukubwa wa injini. Injini ya mjomba ni ya lita 1.8, nayo ilionyesha gramu 1.1 tu.

Tulipofungua kasha la chujio, tukaona chujio ni dogo kuliko kasha lake, na vumbi limepita kando. Nikaizima injini, nikaiacha ipoe, nikakitoa kipima-hewa na kukipulizia dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sikukigusa kwa kidole wala kitambaa, wala sikutumia upepo wa pampu, maana waya ule hukatika upesi. Kilipokauka kabisa nikakirudisha, tukatia chujio la kadiri yake, tukafuta zile namba. Mashine ikasoma gramu 2. Kama kisingepona, hapo ndipo tungenunua kipya.

Tuliporudi kwenye kilima kile, motokaa ilipanda kwa nguvu zake zote. Mjomba akacheka, akasema, "Mpwa wangu, fedha ya pampu nimeitupa." Wenzangu, tafuteni kwanza chanzo cha ugonjwa, ndipo mnunue dawa.