Saa nne zinazoamua ankara ya mwezi

Tarehe 15 ya kila mwezi wahasibu wa Kigali hawana utani. Ndiyo siku ya mwisho ya kutangaza VAT na kodi ya mishahara kwa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, na kuanzia Nyabugogo hadi Remera watu huingia kwenye mfumo kwa mkupuo, kana kwamba siku 14 zilizotangulia hazikuwapo. Mwisho wa mwezi ni zamu ya benki: mishahara inaingia, na wenyewe wanaifuata papo hapo kwa simu na ATM. Siku zinazobaki, mitambo hiyohiyo inapiga miayo.

Kwa hiyo mkurugenzi wa fedha akiuliza kwa nini taasisi yake inalipia uwezo mkubwa wa kompyuta, kumwonyesha jumla ya matumizi ya mwezi hakumsaidii. Anachohitaji kujua ni siku gani, saa ngapi, na kazi ya nani.

Waliolazimika kulijibu swali hilo mapema, tena kwa uchungu, ni wenye meinfremu, kompyuta kubwa za IBM ambazo benki kubwa, mashirika ya ndege na kampuni za bima zimezitegemea tangu miaka ya 1960. Kigali inasikika zaidi kwa seva na vituo vya data kuliko kwa mashine hizo, ila mtalii anayelipa hoteli ya Kiyovu kwa kadi ya benki ya ng'ambo huenda muamala wake ukaishia kwenye mojawapo.

Gharama ya meinfremu haiishii siku ya kununua. Programu zake hulipiwa kila mwezi, na zamani malipo yalifuata ukubwa wa mashine hata kama nusu yake imelala. Mwaka 2000, ilipoleta mashine ya z900, IBM ilifungua njia ya kulipia kulingana na matumizi, kwa kipimo kiitwacho MSU. Mashine hujiandikia kumbukumbu za kazi yake. Programu ya SCRT inazisoma, kisha mteja anatuma ripoti kati ya tarehe 2 na 9 ya mwezi. Ripoti hiyo haina haja na jumla. Kila saa inapiga wastani wa saa nne zilizopita, na wastani uliopanda juu kuliko wote katika mwezi ndio unaolipiwa.

Tuseme mashine inatumia MSU 300 karibu mwezi mzima, halafu alfajiri moja kazi ya mishahara inagongana na ripoti ya ukaguzi ambayo mtu kaianzisha bila kumwambia mwenzake. Wastani wa saa nne unafika 620. Mwezi mzima unalipiwa kwa 620.

Dawa yake ni kuweka kikomo. Ukikiweka kwenye 450, mashine bado inaweza kuruka juu yake kwa muda. Ni pale wastani wa saa nne unapogusa 450 ndipo inapobanwa. Haizimi. Inapunguza mwendo, na kazi zilizopewa kipaumbele cha chini ndizo zinazosubiri. Ankara haivuki 450.

Ni rahisi kuandika namba hiyo na vigumu kuitetea. Kikomo cha chini mno kitamfanya mteja wa benki asimame mbele ya ATM akitazama duara likizunguka, wakati cha juu mno ni sawa na kutokuwa nacho. Ndiyo maana ripoti za miezi iliyopita lazima zisomwe saa kwa saa, kwa jina la kazi, na zisomwe na watu wa fedha na mafundi wakiwa meza moja. Kwa maoni yangu, kilele kisicho na mwenyewe ndicho ghali kuliko vyote, maana hakuna anayeona haja ya kukisogeza.

Kanda yetu iliwahi kuweka kikomo cha aina nyingine kabisa. Tanzania, iliyopata kompyuta yake ya kwanza ya serikali katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya mradi wa hesabu za serikali kumeza fedha na kushindwa. Hasira ile ilieleweka, lakini marufuku haichagui kati ya kazi ya lazima na ya anasa.

Rwanda ina sababu yake ya kupima. Maelekezo ya serikali ya mwaka 2012 yalitaka data muhimu za umma zihifadhiwe katika kituo kimoja cha taifa, na sheria ya ulinzi wa data binafsi ya Oktoba 2021 inataka data hizo zikae nchini isipokuwa kwa kibali. Taasisi ikizidiwa tarehe 15, haiwezi tu kukodi seva za Ulaya kwa siku mbili na kumwaga data za wananchi humo.

Mnunuzi wa Cash Power, umeme unaolipiwa kabla, analijua somo hili bila kufundishwa. Kwa bei za Januari 2020, uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja, hadi 50 ni 212, na zaidi ya hapo 249. Anajua ni uniti ipi inayomuumiza. Viwanda, vinavyotozwa pia kwa kilele cha mahitaji, vinajua na saa.

Kigali ina hata saa tulivu zilizopangwa tayari. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, maduka yamefungwa hadi karibu saa tano na barabara ni nyeupe. Kazi nzito inayoweza kusubiri ingefaa kusubiri asubuhi hiyo, ilimradi fundi wa zamu asamehewe jembe.

Mwaka 2019 IBM ilileta bei nyingine, inayohesabu jumla ya matumizi badala ya kilele. Aliyeichagua hapati nafuu tena kwa kusogeza saa. Itabidi afungue ripoti ileile atafute programu inayosoma faili moja mara kumi ilhali mara moja ingetosha.