Afya ya Askari na Jamaa Zake

Mto Mgeta huanza katika milima ya Uluguru, mahali pa baridi na ukungu, ambapo watu hulima njegere, viazi na kabichi. Maji yake huteremka kati ya miamba hata yakafika nyika ya joto iliyo kusini ya milima, yakapita Kisaki, na mwisho yakajiunga na mto Ruvu. Mtu wa milimani ashukapo huko huona mara moja tofauti ya nchi: mchana jasho humtoka, na usiku mbu hawampi usingizi.

Kando ya mto huo, mwaka 1916, majeshi mawili yalikaa yakitazamana muda wa miezi mitatu na zaidi. Habari za majeshi hayo zatufundisha mambo mawili. La kwanza, adui wa askari si yule mwenye bunduki tu. La pili, askari akiugua, au akisumbuka moyoni, haumii peke yake. Jamaa zake nyumbani huumia pamoja naye.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Tarehe 26 Agosti 1916 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, liliingia Morogoro. Wajerumani, ambao mkubwa wao alikuwa von Lettow-Vorbeck, walikuwa wamekwisha kuondoka kuelekea kusini. Smuts akawafuata kwa pande zote mbili za milima, mashariki kwa njia ya Matombo, na magharibi kwa njia ya Mlali. Upande wa Mlali njia ilikuwa nyembamba, na milima ni mikali. Magari yalishindwa kupita, yakarudishwa Morogoro. Katikati ya Septemba Wajerumani waliacha Kisaki, wakajiweka tayari ng'ambo ya mto. Waingereza hawakuweza kuendelea mbele mpaka tarehe 1 Januari 1917.

Kwa nini jeshi kubwa namna ile lilisimama? Lilisimama kwa sababu ya maradhi. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza kazi Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Ilipofika Oktoba, waliokuwa na nguvu ya kufanya kazi walikuwa 116 tu, wala kikosi kile hakikuwa kimepigana sana. Katika jeshi zima mwaka ule, kwa kila mtu mmoja aliyeondolewa kwa kuumizwa katika mapigano, watu 31 waliondolewa kwa ugonjwa.

Wengi waliugua malaria. Katika nchi ya baridi, vijidudu vya malaria hukua polepole sana ndani ya mbu, na kwa hiyo mtu aliyelelewa huko mwili wake haukupata kuzoea homa hiyo. Akishuka bondeni huanguka upesi kuliko mwenyeji. Jambo hilo lilimpata askari mgeni aliyetoka Afrika Kusini, na lilimpata vile vile kijana wa milimani aliyechukuliwa kubeba mizigo.

Tena kulikuwa na mbung'o. Farasi, nyumbu na punda walikufa kwa maelfu, na mizigo yao ikawekwa juu ya vichwa vya watu. Katika vita ile Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wengi, na majeshi yote mawili yalichukua vyakula vya wenyeji.

Fikirini hesabu hii. Mpagazi mmoja abeba unga ratili 60, yaani kilo 27. Kila siku yampasa ale ratili 2. Baada ya siku 30 atakuwa amekula mzigo wote, wala hakuna hata kibaba kimoja kilichomfikia askari. Basi wakubwa wa jeshi, kwa kutaka chakula kifike mbele, walimpunguzia mpagazi posho yake. Naye alifika kambini jioni, amelowa mvua, amechoka, hana kuni kavu, akala unga ambao haukuiva. Wengine walizoea ndizi, wengine wali, na matumbo yao hayakuuweza unga ule. Wakashikwa na kuhara damu, wakafa njiani. Katika hesabu ya serikali, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walipita 95,000, na wengi waliochunguza habari hizo waamini ya kuwa walikuwa zaidi.

Waganga walijifunza kwa msiba huo ya kwamba chakula kilichopikwa vizuri, maji yaliyochemshwa, blanketi na chandarua huokoa watu wengi kuliko mizinga. Lakini watu husahau upesi. Katika Vita Kuu ya Pili, katika mapigano ya Burma, mwaka 1943 kwa kila askari mmoja aliyejeruhiwa waliugua 120. Jenerali Slim alitoa amri ya kwamba kila askari ameze kidonge cha kuzuia malaria kila siku, na mkubwa wa kikosi ambacho watu wake hawakumeza aliondolewa katika kazi yake. Maradhi yakapungua sana. Miongoni mwa waliopigana huko walikuwamo askari wa Afrika ya Mashariki, ambao mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw katika mvua nyingi, wakafika Kalewa mwezi wa Desemba.

Basi hayo ndiyo magonjwa ya mwili. Lakini ugonjwa mwingine hauonekani kwa macho. Mwaka 1915 mganga mmoja Mwingereza, jina lake Charles Myers, aliandika habari za askari waliotoka vitani bila jeraha, nao hawakuweza kulala, wala kukumbuka vizuri, na macho yao yalikuwa na kasoro. Kwanza watu walidhani ya kuwa kishindo cha mizinga kimetikisa ubongo wao. Baadaye ilionekana ya kuwa hata watu ambao mizinga haikupasuka karibu nao walipatwa vivyo hivyo. Sababu ilikuwa hofu ya siku nyingi, kukosa usingizi, na kuona rafiki akifa. Wako askari waliodhaniwa kuwa waoga, wakaadhibiwa, kumbe ni wagonjwa. Mganga mwingine, William Rivers, aliyefanya kazi katika hospitali ya Craiglockhart huko Scotland mwaka 1916 na 1917, aliwafundisha wagonjwa wake wasijilazimishe kusahau, bali wayaseme yaliyowapata mbele ya mtu wa kuwasikiliza. Wahenga wetu walikwisha kusema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwaka 1980 waganga wa Marekani waliupa ugonjwa huo jina rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ya akili.

Sasa tutazame nyumbani. Mpagazi alipochukuliwa, jembe lake lilibaki ukutani. Mkewe alilima peke yake, na watoto walingoja. Wengi waliokufa majina yao na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Kwa hiyo jamaa zao hawakuletewa habari wala mshahara. Mke hakujua kama yeye ni mke au mjane. Kungoja namna hiyo nako ni mateso ya vita, ingawa hakuna mzinga uliosikika.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Reuben Hill, alichunguza jamaa 135 za nchi ya Iowa, ambazo baba alikwenda Vita Kuu ya Pili kisha akarudi. Alitoa kitabu chake mwaka 1949. Alionyesha ya kuwa shida peke yake haitoshi kuivunja nyumba. Yapasa kutazama mambo matatu: shida yenyewe, msaada walio nao watu wa nyumba ile, na jinsi wanavyoifikiri shida yao. Tena aliona jambo la ajabu. Nyumba nyingine zilizozoea vizuri kukaa bila baba zilipata taabu aliporudi, maana nafasi yake ilikuwa imekwisha kuzibwa. Kurudi nyumbani, basi, ni safari ya pili, nayo yahitaji subira ya wote.

Mambo hayo si mageni kwa Waluguru. Kwa desturi yao ya zamani, ukoo na shamba hufuata upande wa mama. Mke aliyeachwa peke yake alikuwa na shamba la ukoo wake, na wajomba wa watoto walikuwa karibu. Huo ndio msaada ambao mtaalamu yule aliutaja, nao ulikuwapo hapa kabla ya kitabu chake.

Wala habari hizi si za zamani tu. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wa Tanzania, waliokuwa wakilinda amani mashariki ya Kongo, waliuawa huko Semuliki. Nyumba zao zililia, na wenzao waliosalimika walirudi wakiwa na mambo mazito moyoni.

Basi, wanafunzi, mkimwona mtu aliyetoka vitani akikaa kimya, au akishtuka usiku, msimcheke. Kaeni naye, mpeni chakula chenu, msikilizeni atakapotaka kusema. Na mtoto ambaye baba yake yuko mbali, mmsaidie kuchota maji na kulima. Msamaria mwema hakuuliza kabila la yule mtu aliyelala njiani. Alitazama jeraha lake. Nasi tutazame majeraha yanayoonekana, na yale yasiyoonekana.

MASWALI

1. Kwa nini mtu wa milimani hupatwa upesi na malaria akishuka bondeni?
2. Mpagazi mwenye ratili 60 za unga, akila ratili 2 kila siku, na akienda siku 10 na kurudi siku 10, ataweza kumpa askari ratili ngapi?
3. Kwa nini wapagazi wengi walishikwa na kuhara damu?
4. William Rivers aliwafundisha wagonjwa wake wafanye nini?
5. Eleza kwa nini kurudi nyumbani kwa askari kunaitwa safari ya pili.