Mkao wa Yoga ni Bure, Suruali Yake Dola Mia

Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata aliyetajirikia Marekani, alitaka kumiliki mpangilio wa mikao 26 na mazoezi mawili ya kupumua, unaofanywa kwa dakika 90 katika chumba chenye joto la nyuzi 40. Waliofundisha bila idhini yake aliwaburuza mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya huko ikamgomea: hiyo ni njia ya kutafuta afya, na hakimiliki hailindi njia. Serikali ya India nayo ilikuwa imeshaanza kurekodi mamia ya mikao, mtu asije akaisajili kuwa yake.

Kitu kisicho na mwenyewe hakimtajirishi muuzaji, kwa hiyo fedha zimekimbilia pembeni. Lululemon, iliyoanzishwa Vancouver mwaka 1998, huuza suruali ya yoga kwa takriban dola 100, na mauzo yake ya mwaka 2024 yalipita dola bilioni 10. Wenye studio, ambao mara nyingi ada za darasa haziwatoshi kulipia pango, huuza kozi ya ualimu ya saa 200. Rishikesh, kando ya mto Ganges, kozi hiyo humalizwa ndani ya mwezi mmoja, cheti mkononi.

Katika sutra za Patanjali, mwanahekima wa kale wa India, mkao ni hatua ya tatu tu kati ya nane. Unatanguliwa na maadili, likiwemo la kutojilimbikizia mali (hapo wafanyabiashara huruka ukurasa). Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao. Jina la mzee huyo leo limo kwenye dawa ya meno na samli za Patanjali Ayurved, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 na guru Ramdev na mwenzake Balkrishna. Mwaka 2024 wawili hao waliomba radhi magazetini, baada ya Mahakama ya Juu ya India kuwabana kwa matangazo ya kupotosha kuhusu dawa zao.

Manufaa yenyewe si porojo: mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya vidonge kwa maumivu sugu ya mgongo. Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, limekuwa likiwafunza vijana ualimu ili wapate riziki. Basi mgongo ukikusumbua, mlipe mwalimu anayeijua kazi yake. Suruali ya mazoezi uliyonayo kabatini inatosha.