Je, Wajua? Namba Inayowatoa Marubani Jeshini

JE, WAJUA kwamba neno rubani lilianzia baharini? Kabla ya ndege, rubani wa pwani yetu alikuwa mjuzi wa miamba na mikondo, anayekiongoza chombo hadi kitie nanga salama. Chombo kipya chaweza kununuliwa kwa siku moja, ila mjuzi wa njia hukomaa kwa miaka. Jeshi la Anga la Marekani, ambalo hakuna jeshi la anga linalolifikia kwa wingi wa ndege, linalijua hilo kwa uchungu.

JE, WAJUA kwamba mwaka 2017 jeshi hilo lilipungukiwa na marubani wapatao 2,000, na karibu 1,300 kati yao walitakiwa kwenye ndege za kivita? Mwaka 2022 pengo lilikuwa bado takriban 1,900. Katikati hapo fedha nyingi zilimwagwa na mipango mingi ikatangazwa.

JE, WAJUA kwamba kumwandaa rubani mmoja wa ndege ya kivita ya F-22, tangu anapoanza mafunzo hadi anapohesabika kuwa rubani wa ndege hiyo, hugharimu karibu dola milioni 10.9? Taasisi ya RAND ilipiga hesabu hiyo mwaka 2019. Wa F-16 hugharimu kama milioni 5.6, na wa C-17, ndege kubwa ya mizigo, milioni 1.1. Kila anayeaga huondoka na gharama hiyo kichwani na mikononi mwake.

JE, WAJUA kwamba rubani wa jeshi hilo, akishavishwa beji ya mabawa, hudaiwa miaka 10 ya utumishi? Wengi huvishwa wakiwa na miaka ishirini na kitu, kwa hiyo deni humalizika katikati ya miaka ya thelathini. Wakati huo ndipo anakuwa wa thamani kuliko wakati wowote: ameshaongoza wenzake angani na anafundisha wadogo zake. Pensheni yake iko kwenye mwaka wa 20. Kwa hiyo anasimama njia panda, amebakiza karibu miaka kumi kuifikia pensheni, na ng'ambo ya pili shirika la ndege limeacha mlango wazi.

JE, WAJUA kwamba kinachomharakisha kuingia mlango huo mara nyingi ni namba? Hapa tukae kidogo, maana asiyeielewa namba hii ataona watu wanakimbilia pesa tu. Katika mashirika makubwa ya Marekani kila rubani hupewa namba ya ukongwe kazini siku anayoajiriwa. Namba hiyo huamua ataruka ndege gani, kituo chake kitakuwa mji upi, likizo atachukua lini, sikukuu atakula na wanawe au hotelini, na lini atahamia kiti cha kushoto cha rubani mkuu. Umahiri hauwezi kumrusha mtu mbele ya waliomtangulia. Aliyerusha ndege ya kivita miaka 12 na kushinda nishani huanza mkiani mwa foleni, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki moja kabla yake. Akihamia shirika jingine, huanza upya mkiani. Sasa jiweke mahali pa meja mwenye miaka 34: kila mwezi anaobaki jeshini, watu wengine wanaingia kwenye foleni mbele yake, na hao watakuwa mbele yake hadi wastaafu. Ndiyo maana hatuwezi kumlaumu anayehesabu siku.

JE, WAJUA kwamba foleni hiyo ina mwisho uliowekwa na sheria? Rubani wa shirika la ndege Marekani hulazimika kuondoka akifika miaka 65. Hadi Desemba 2007 ukomo ulikuwa miaka 60. Ulipoongezwa, wazee waliokuwa wakikaribia kuaga walibaki hadi miaka mitano zaidi na foleni ikaganda. Kuanzia mwisho wa 2012 wakaanza tena kustaafu kwa mkupuo, na mashirika yakageuza macho kuelekea jeshini.

JE, WAJUA kwamba ajali moja iliyagusa majeshi bila mtu kukusudia? Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, New York. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Familia za marehemu zilipigania sheria kali zaidi, na tangu 2013 hata rubani msaidizi anatakiwa awe na saa 1,500 angani. Awali saa 250 zilitosha. Marubani wote wawili wa safari ile walikuwa wameshapita 1,500, jambo linalozua mabishano hadi leo. Lakini sheria hiyo inamruhusu aliyefunzwa na jeshi kuanza na saa 750. Raia ahangaike kutafuta saa kwa miaka, mwanajeshi aje nazo tayari! Mwajiri yeyote angemkimbilia mwanajeshi.

JE, WAJUA kwamba afya ya mashirika hulidhoofisha jeshi, na maradhi yao huliponya? Baada ya Septemba 11, 2001, maelfu ya marubani wa abiria walisimamishwa kazi. United ilifilisika 2002, Delta na Northwest 2005, American 2011. Miaka ile, aliyekuwa na sare hakuwa na haraka ya kuivua. Mwaka 2020 korona ilituliza tena wimbi la wanaoondoka, mashirika yakawalipa wazee ili wastaafu mapema. Wasafiri waliporudi viwanja vya ndege, viti vya wazee wale vilikuwa vitupu. Mwaka 2023 marubani wa Delta walipata mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 ndani ya miaka minne, na wenzao wa mashirika mengine wakadai vivyo hivyo.

JE, WAJUA kwamba jeshi nalo lilipandisha dau? Kwa miaka mingi bonasi ya rubani anayekubali kubaki ilikuwa hadi dola 25,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 ikafika 35,000. Mwaka 2023 ikafika 50,000, na aliyejifunga miaka 12 akaweza kupata jumla ya dola 600,000.

JE, WAJUA kwamba bado pengo halikuzibika? Ukiwasikiliza wanaoondoka, fedha si malalamiko yao pekee, na kwa wengi si ya kwanza. Wanataja kupelekwa ng'ambo tena na tena na kuhamishwa kituo kila baada ya miaka michache, mke au mume akiacha kazi yake na watoto wakibadilisha shule. Wanataja makaratasi pia. Wamebuni hata neno, queep, kwa shughuli zote za ofisini zisizohusiana na kuruka: ripoti, vikao, maandalizi ya sherehe. Aliyefunzwa kwa mamilioni ya dola anakaa nyuma ya meza hadi usiku huku ndege yake ikimsubiri. Kwa maoni yangu hilo ni jeraha kubwa kuliko mshahara, kwa sababu mtu huyu alijiunga kwa ajili ya kuruka.

JE, WAJUA kwamba kufunza wapya wengi kwa pupa kunaweza kulikuza tatizo? Wakati wa vita vya Ghuba mwaka 1991 jeshi hilo lilikuwa na vikosi 134 vya ndege za kivita. Kufikia 2017 vilibaki 55. Rubani mpya hupikwa ndani ya kikosi, akiruka pembeni ya mkongwe kwa miaka kadhaa. Vikosi vikiwa vichache na wakongwe wakiondoka, wapya wanajazana, saa za kuruka zinagawanywa vipande vidogo, na kila mmoja anachelewa kuiva. Wakongwe waliobaki wanabeba mzigo wa kufundisha wote, wanachoka, nao wanaaga. Tena ndege ya mafunzo, T-38, ilianza kazi mwaka 1961. Mrithi wake, T-7A, aliagizwa kwa Boeing mwaka 2018 na amechelewa.

JE, WAJUA kwamba Oktoba 2017 Rais Donald Trump alisaini amri iliyowezesha jeshi kuwarudisha kazini wastaafu hadi 1,000?

JE, WAJUA kwamba abiria nao hufaidi mafunzo ya jeshi? Chesley Sullenberger, aliyeitua ndege yake juu ya mto Hudson Januari 15, 2009 na watu wote 155 wakaokoka, aliwahi kurusha ndege ya kivita ya F-4 Phantom. Tammie Jo Shults, ambaye Aprili 2018 aliitua Philadelphia ndege ya Southwest iliyopasuka injini, alirusha F/A-18 za Jeshi la Wanamaji. Abiria mmoja alifariki, wengine wote wakashuka hai.

JE, WAJUA kwamba kuna mara msaada ulipita njia ya kinyume? Agosti 1989 marubani wa mashirika ya ndani ya Australia, waliodai nyongeza ya karibu asilimia 30, walijiuzulu kwa pamoja. Waziri Mkuu Bob Hawke akaamuru ndege za jeshi la anga zibebe abiria.

JE, WAJUA kwamba wapo wanaovaa sare zote mbili? Ni marubani wa Gadi ya Taifa na wa jeshi la akiba, wanaosafirisha abiria siku za kawaida na siku nyingine kurusha ndege za jeshi karibu na kwao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inamlinda mtu huyo akiitwa vitani. Akikaa huko mwaka mzima, shirika lake linalazimika kumpokea na kumweka pale ambapo angekuwa kama asingeondoka hata siku moja, na namba yake ya ukongwe anaikuta imesogea pamoja na foleni.