Bata Wawili Wanaofanana Angani

Ifikapo mwezi wa Oktoba, Mwenyezi Mungu huwajaalia wageni wadogo wenye mbawa kuyafikia maji ya nchi yetu. Miongoni mwao ni bata aitwaye garganei, ambaye huikimbia baridi ya Ulaya na Asia, akakaa nasi hadi Machi au Aprili, kisha akarejea kwao kutaga. Wakazi wa Delta ya Tana huwaona wakielea kwa makundi, hata kama hawamtofautishi na bata wengine.

Huko atokako garganei, kutofautisha si anasa. Baadhi ya wapwa na mashemeji zetu wamelowea Uingereza, ambako uwindaji wa bata kwa bunduki unaruhusiwa kwa msimu. Sheria ya huko ya mwaka 1981 inaruhusu kumpiga bata mdogo aitwaye tili, lakini inamhifadhi garganei kwa ulinzi wa daraja ya juu. Nao wawili hawa wanakaribiana mno kwa umbo. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Septemba, wakati ambapo baadhi ya garganei hawajaanza safari ya kuja kwetu, na madume ya aina zote mbili bado yamevaa manyoya ya hudhurungi kama majike. Aliyezoea kumtambua dume kwa uzuri wake hapo hana la kushika.

Basi jicho na litazame bawa. Tili ana kiraka cha kijani kinachong'aa, na mbele yake mstari mweupe mpana, hali wa nyuma ni mwembamba. Garganei ana mistari miwili myeupe inayokaribiana kwa upana, mmoja mbele ya kiraka na mmoja nyuma, hata ukingo wa nyuma wa bawa ukaonekana mweupe wazi. Sehemu ya mbele ya bawa la dume ni ya kijivu hafifu chenye ubuluu, na rangi hiyo haipotei hata anapovaa manyoya ya hudhurungi. Usoni garganei ana mistari iliyokolea zaidi, ingawa kwa ndege apitaye kasi uso hauonekani sana. Tili naye huruka kwa kupindapinda ghafla, kundi zima likigeuka pamoja.

Tatizo kubwa ni wakati. Bata huruka kwenda na kurudi malishoni alfajiri na magharibi, na katika mwanga huo rangi zote huwa kijivu. Kinachobaki ni weupe na weusi wa bawa, basi. Asiyeuona mstari aishushe bunduki. Ndege mwingine atapita.

Kwa Muislamu liko jingine la kuchunga. Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo na kuamrisha litajiwe jina la Mwenyezi Mungu. Lakini bata hupigwa juu ya maji, na mara nyingi huangukia humo humo. Mtume (S.A.W.) alimfunza Adiy bin Hatim (R.A.) asile windo alilolikuta limezama majini, kwani hajui kama aliyeliua ni mshale wake au ni maji. Akiokotwa angali hai, basi achinjwe. Ama mnyama aliyeuawa kwa vipande vya risasi ya bunduki, wanazuoni wana mjadala mrefu, na aulizwe shekhe kabla ya safari, si baada ya nyama kufika jikoni.

Na jikoni nako kuna kazi. Uingereza ilipiga marufuku risasi za madini ya timbi kwa bata mwaka 1999, kwani ndege huzimeza wakidhani ni changarawe na kudhurika, lakini chembe za chuma nazo huvunja jino. Mama anayemwandaa bata wa kuwindwa na ampapase kifua na mapaja kwa vidole, polepole, kabla ya kumtia viungo.