Gari Likichemsha, Usikimbilie Kifuniko

Apandaye mlima Kitonga kuelekea Iringa mara nyingi hukuta lori limeegeshwa pembeni, boneti wazi, mvuke ukifuka. Nimeipita barabara hiyo mara nyingi katika kazi yangu. Kinachonitisha si lori lililochemsha, bali utingo anayelisogelea na kitambaa mkononi ili afungue kifuniko cha rejeta.

Sote tulifundishwa shuleni kwamba maji huchemka yafikapo nyuzi joto 100. Hiyo ni kweli kwa Dar es Salaam na Tanga, usawa wa bahari. Lakini Iringa mjini, kwenye mwinuko wa mita kama 1,600, hewa huyakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, nayo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva huko. Kanuni ni moja: maji yakikandamizwa huchelewa kuchemka, yakiachiwa huchemka upesi.

Kifuniko cha rejeta hutumia kanuni hiyo hiyo. Kina springi inayozuia presha ndani, na katika magari mengi presha hiyo huyawezesha maji kufika nyuzi kama 120 bila kuchemka.

Sasa fungua kifuniko hicho ghafla. Presha inatoka, na maji ya nyuzi 120 yanachemka yote papo hapo. Katika kila kilo moja ya maji hayo, gramu zisizofika 40 ndizo zinazogeuka mvuke. Ni kidogo, lakini mvuke huo hujaza karibu lita 60! Huo ndio unaorusha maji ya moto usoni na kifuani mwa aliyefungua.

Wapo wanaosema kulanti ni dawa ya Wazungu wenye barafu. Sivyo. Ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa na kuzuia kutu. Lakini usiitie tupu, kwa sababu maji ndiyo hodari wa kubeba joto. Nayo maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija, kama ule wa kwenye birika, na injini hushindwa kupoa.

Basi gari likichemsha, simama, zima injini, ngoja angalau nusu saa, mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kizito, kilegeze taratibu, presha itoke kwanza. Wala usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, kwani silinda hedi yaweza kupasuka.

Nanyi abiria, msimpigie dereva kelele kwamba mnachelewa. Nusu saa ya kukaa kivulini haijamuunguza mtu.