Usimchue kwanza: Mtoto akiumia mchezoni, nani aseme amepona?

Joto likianza kupungua hapa Oman, mwezi wa Oktoba hivi, watoto wetu wa sekondari hurudi viwanjani kwa kishindo. Kuna mechi za skuli, kuna mazoezi ya klabu, na usiku kuna mpira kwenye viwanja vya kukodi vya nyasi bandia, kuanzia Mabela mpaka Al Khuwair. Haziishi wiki mbili, chumba changu cha kazi kinajaa. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Maskati, na kwa kuwa nazungumza Kiswahili, familia zetu nyingi hunijia mimi. Anaingia mama, anaingia bibi, anaingia shangazi, na katikati yao kijana anachechemea, uso kaukunja.

Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Mechi Alkhamisi. Atacheza?" Ameumia nini khasa, hilo huulizwa baadaye.

Katika nyumba zetu, mtoto mmoja aliyeumia huwa na madaktari watano. Bibi anataka kumchua. Baba anasema ajikaze, yeye zamani alicheza pekupeku. Kocha anahesabu siku. Wenzake wanamtumia ujumbe kila saa. Na mwenyewe anaapa kuwa haumwi tena. Wote hawa wana mapenzi naye, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayefaa kusema kuwa amepona.

Mafuta yasubiri kwanza

Niliwahi kuletewa kijana wa miaka 14 aliyeteguka kifundo cha mguu mazoezini. Nyumbani kilikandwa kwa maji moto ya chumvi, kikachuliwa kwa mafuta ya simsim asubuhi na jioni, siku 5 mfululizo. Alipofika kwangu, kiatu hakiingii, na kupiga hatua 4 hawezi. Nilipobonyeza mfupa wa upande wa nje wa kifundo, alipiga kelele. Nikampeleka apigwe eksirei, na kweli, mfupa ulikuwa umepata ufa.

Bibi yake, aliyekuwa amekaa pembeni na tasbihi yake, akaniambia, "Mwanangu, sisi tumechuana maisha yetu yote na tumepona."

Nikamjibu, "Kweli, bibi, na mkono wako nitauhitaji. Lakini si leo."

Mwili ukiumia, mishipa midogo ya damu hupasuka ndani. Maji moto na kuchua huongeza damu pale pale panapovuja, na uvimbe huzidi. Kwa mtoto kuna jambo jengine. Mifupa yake bado inarefuka, na karibu na ncha ya kila mfupa mrefu kuna sehemu laini ambako ukuaji unafanyika. Mara nyingi sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zilizo karibu nayo. Kishindo ambacho kwa baba yake kingevuta kano tu, kwa mtoto kinaweza kuvunja pale panapokua mfupa. Pakiharibika na pasitibiwe, mguu unaweza kuota umepinda au ukawa mfupi kuliko mwenziwe.

Basi saa 48 za mwanzo ni hivi: mtoto asiendelee kucheza. Weka barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa 2 au 3. Funga bendeji isiyokaza sana, mguu uinuliwe juu ya mto. Usikande kwa moto, usichue. Na usimpe dawa ya maumivu ili aweze kucheza, kwani maumivu ndiyo yanayomwambia asimame.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ikiwa hawezi kupiga hatua 4, ikiwa ukibonyeza mfupa wenyewe anaumia sana, ikiwa kiungo kimepinda, au ikiwa vidole vimekufa ganzi au vimebadilika rangi.

Yule bibi nilimwita tena plasta ilipotolewa. Msuli wa kijana ulikuwa umekonda na umekakamaa, na hapo mafuta yake ya simsim yalipata kazi. Alimchua mjukuu wake wiki 3, nami nikampa mazoezi. Kila dawa ina wakati wake.

Kichwa hakina kujikaza

Mguu ukivimba unaonekana, lakini ubongo ukitikisika hauonekani kwa macho. Mtoto anaweza kugongana na mwenziwe vichwa, akainuka, akaendelea kucheza, na kumbe ameumia. Si lazima azimie. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kusahau mechi ni ngapi ngapi, kujibu polepole, au kuwa mkali bila sababu.

Mwaka 2006 katika jimbo la Washington, Marekani, kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa katika mechi ya mpira wa Kimarekani. Akapumzika kidogo, akarudishwa uwanjani. Baada ya mechi alianguka, akafanyiwa upasuaji wa ubongo, na ilimchukua miaka kujifunza upya kuzungumza na kutembea. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake: mchezaji kijana anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe, na asirudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu kwa maandishi. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Jamaa zetu walioko Uingereza nao wana mwongozo wa mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani na maskulini: aliyetikisika ubongo asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, na arudi kwa hatua, masomo kwanza, mechi mwisho. Hata ukiwa Salalah au Dubai, hakuna anayekuzuia kuufuata. Na mtoto akitapika mara kwa mara, akizidi kusinzia, akipata degedege au akichanganyikiwa, usingoje asubuhi.

Jua la Ghuba, na damu yetu

Oman huzuia kazi za nje kwenye jua kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30, miezi ya Juni hadi Agosti. Imarati na Qatar nao wana amri zao. Ikiwa mtu mzima anayejenga nyumba amekatazwa, kwa nini mtoto wa miaka 15 akimbizwe saa hizo kwenye kambi ya mazoezi? Nyasi bandia, mtu, hupata moto kuliko hata hewa.

Mtoto akichanganyikiwa au akianguka kwenye joto, fikiria kiharusi cha joto. Watu wengi humbeba mbio kwenye gari. Hapana. Mpoze kwanza, hapo hapo, huku mwengine anapiga simu. Mvue vifaa, mtie kwenye beseni kubwa la maji ya barafu ikiwa lipo. Ikiwa hakuna, mmwagie maji kwa mpira wa bustani, mfunike taulo za barafu, mpepee. Zile dakika za mwanzo ndizo zinazookoa ubongo na figo.

Kuna jambo linalotugusa sisi zaidi kuliko wengine. Hapa Oman, takriban watu 6 katika kila 100 wanabeba chembe ya sikoseli bila kuugua, na pwani ya Afrika Mashariki pia iko tele. Sisi damu yetu imetoka pande zote mbili. Mwenye kubeba chembe hiyo anaweza kucheza mchezo wowote, hilo liwe wazi. Lakini akikimbizwa mbio kali mfululizo bila kupumzika, khasa kwenye joto na maji yakiwa yamempungua, misuli inaweza kukosa hewa na kuanza kufa. Mtoto huanguka, miguu imelegea, na pengine bado anazungumza. Kocha asiyejua huona uvivu, humpigia kelele ainuke.

Marekani, tangu mwaka 2010, chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, kinataka wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe sikoseli. Sisi kipimo ni cha damu tu, na familia nyingi majibu tayari wanayo kwenye faili la kliniki. Shida ni kuwa faili liko kabatini na kocha hana habari. Wazazi wengine huficha, wakihofia maneno ya watu wakati wa kuozesha. Nawaelewa. Lakini kocha anaweza kuambiwa faraghani, maneno mawili tu: "Akisema amechoka, mwache apumzike."

Moyo

Novemba 2021, mchezaji wa Klabu ya Muscat, Mukhled Al-Raqadi, alianguka akiwa anapasha misuli kabla ya mechi ya ligi hapa hapa Oman, akafariki. Allah amrehemu. Miezi michache kabla, tarehe 12 Juni, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani Copenhagen moyo ukiwa umesimama. Alikandamizwa kifua, akashtuliwa kwa mashine, na mwaka uliofuata alirudi kucheza.

Kila dakika inayopita bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Gari la wagonjwa, hata likifanya haraka vipi, haliwezi kufika kwa dakika 2. Kwa hivyo mtu wa uwanjani ndiye anayeokoa. Na mtoto aliyewahi kuzimia akiwa mchezoni, au anayeumwa kifua akikimbia, au ambaye katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kabla ya kurudi mazoezini.

Nani basi aseme?

Aseme mtu asiyejali matokeo ya mechi: daktari au mtaalamu wa viungo aliyemchunguza mwenyewe. Mguu ulioteguka, mimi simruhusu mtoto mpaka aweze kuruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu, akimbie, akate kona, na nguvu zikaribiane na za mguu mzima. Kano kubwa ya ndani ya goti ikikatika na kufanyiwa upasuaji, asirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9, hata akijiona simba. Wasichana wanaocheza mpira wa kikapu au wa miguu huumia kano hiyo zaidi kuliko wavulana, na wengi wao huona haya kumwambia kocha mwanamume. Mama, muulize wewe. Na uliza skuli kama kuna mwalimu wa kike anayeweza kusemezwa.

Goti na kifundo vinaweza kulindwa. FIFA wana utaratibu wa kupasha misuli uitwao 11+, wa dakika 20 hivi, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Timu zinazoufanya angalau mara 2 kwa wiki hupunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi. Mwonyesheni kocha.

Skuli nyingi za sekondari Marekani zina mtaalamu anayesimama pembeni mwa uwanja kwa kazi hii tu. Zetu nyingi hapa zina nesi mchana, na mwalimu wa michezo jioni. Pengo hilo ni letu wazazi kuliziba. Muulizeni mwalimu mambo matatu: mashine ya kushtua moyo iko wapi na nani ana ufunguo, barafu na maji viko wapi, na nani anapiga simu. Nambari ya dharura Oman ni 9999, Imarati gari la wagonjwa ni 998, Qatar na Uingereza 999, Kuwait 112, Marekani 911. Nyumbani andikeni karatasi moja: damu yake, majibu ya sikoseli, pumu kama anayo, dawa zinazomdhuru, majeraha ya zamani, na nambari zenu mbili. Nakala moja ikae kwenye begi la mazoezi, ya pili kwa kocha.

Na mwenyewe kijana azungumzwe naye mapema, kabla hajaumia. Wengi wanaoficha maumivu wanaogopa kupoteza nafasi kwenye timu, au kuambiwa na baba kuwa ni walegevu. Akijua kwamba nyumbani akisema "naumwa" hatachekwa, atasema siku ya kwanza, na kazi yangu inakuwa ya wiki 2 badala ya miezi 6. Mwambieni hivyo wiki hii, kabla ya mechi ya kwanza.